Saluni ya Samaki

Katika ile barabara fupi ya Lodwar inayotoka sokoni kwenda kwenye stendi ya magari ya Kakuma, saluni zilikuwa zimebanana kama kuku ndani ya tenga. Kila mlango ulikuwa na picha ya mwanamke yule yule mwenye nywele za kumwagika mabegani. Kila mlango ulikuwa na draya moja nzima na nyingine iliyokufa, na msichana aliyekaa kibarazani akiwaita wapita njia waingie wasukwe. Mtu hakuwa na sababu ya kumchagua huyu akamwacha yule. Aliingia pale miguu ilipochokea, au kwa yule aliyejua kubembeleza.

Awoi hakujua kubembeleza. Alikuwa na mikono mepesi, cheti cha ususi kutoka Kitale, na chumba kimoja cha mabati alichokipa jina la Ejok, lile neno la "vyema" ambalo Waturkana husalimiana nalo kutwa nzima. Alidhani jina zuri lingetosha. Mwaka wa kwanza alishinda amekaa na msaidizi wake, Awino, wakisukana wao kwa wao ili anayepita adhani kuna wateja.

Cheti chenyewe kilitoka kwenye samaki. Mama yake Awoi alifariki yeye akiwa bado ananyonya, na mdogo wa marehemu, anayejulikana Kalokol nzima, kule kando ya Ziwa Turkana, kwa jina la Mama Ekiru, ndiye aliyemchukua akamlea pamoja na mwanawe Ekiru. Mama Ekiru alinunua samaki kwenye Ghuba ya Ferguson, akawapasua, akawakausha juani, akapakia magunia kwenye lori hadi Lodwar, na kutoka hapo hadi Kakuma, ambako wakimbizi wa Kongo na Sudan Kusini wanapenda samaki kuliko hata wenyeji. Safari hizo ndizo zilizomlisha Awoi, zikamvisha, zikampeleka chuo. Awoi hakumwita mama mdogo. Alimwita Mama, basi.

Ijumaa moja Mama Ekiru aliingia Ejok akicheka peke yake, vumbi la njiani limempaka hadi kope.

"Leo nimefukuzwa," alisema, akijitupa kwenye kiti. "Nilikukuta hujafungua, nikaingia kwa jirani yako pale mwanzo. Akaniambia nisikae, ati kiti kitanuka. Nikamwambia kweli kitanuka. Kwani nimebeba maua?"

Awino alicheka mpaka akashika tumbo. Awoi hakucheka. Alikuwa akitazama nje, kwenye stendi, ambako wanawake wa Kalokol walikaa juu ya magunia wakisubiri lori la Kakuma. Kila wiki walisubiri hivyo, mara saa mbili, mara mchana kutwa. Vichwa vyao vilikuwa vimebeba mizigo tangu alfajiri, mafuta ya samaki yamewashuka hadi masikioni, magamba yamewanasa kwenye nywele. Walikuwa na muda, na walitaka kupendeza kama wanawake wengine wote, na barabara nzima ilikuwa ikiwatazama bila kuwaona.

"Mama," Awoi alisema, "wiki ijayo waambie wenzako waje hapa."

"Wote?"

"Wote."

Wiki iliyofuata alitoa benchi nje, akafunga turubai la kivuli, akapanga mabeseni mawili na kuteleka sufuria kubwa juu ya makaa. Alichemsha majani ya chai, akakamulia ndimu, akaosha vile vichwa mara mbili, mara tatu, hadi maji yakatoka safi na yeye mwenyewe akiinama kunusa asisikie kitu. Kisha akawasuka mistari iliyolala chapa kichwani, myembamba, iliyokwenda nyuma na kukutana chini ya kisogo, ili gunia likae juu bila kuumiza na nywele zisivurugike. Mtindo huo hakuufundishwa chuoni. Aliuvumbua kwa kumwangalia Mama Ekiru akibeba.

Majirani walicheka. Walipaita pale Saluni ya Samaki, na waendesha bodaboda wakalidaka jina hilo, na kabla ya mvua za mwaka ule hapakuwa na mtu Lodwar aliyesema Ejok. Lakini jina la kejeli lilimtangaza kuliko picha zote zilizobandikwa milangoni. Mtu akiulizwa amesukwa wapi, alisema kwa Samaki, na aliyeuliza alikumbuka. Wanawake wa Kalokol walikuja, wakaleta wa Kerio, na wa Kerio wakaleta binti zao. Walikaa kwenye benchi wakipiga soga kwa sauti kubwa, wakimtania Awino kwamba ataolewa na mvuvi, na Ijumaa pale kwa Awoi ilikuwa kama sherehe. Aliongeza draya. Aliweka sakafu ya saruji. Mama Ekiru akifika aliketi kwenye kiti cha ndani, cha mbele ya kioo, na hakuna aliyemuuliza kwa nini yeye hapangi foleni.

Halafu akaja Maryanne.

Maryanne alikuwa mtu wa Machakos, mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Lodwar, mwanamke mkarimu, mwenye marashi na kicheko cha karibu. Alikuwa amemwona mwanamke mmoja wa Kalokol kanisani, akaipenda mistari yake, akamfuata baada ya ibada kumuuliza. Jumatatu akaja kujionea mwenyewe. Alisukwa, akajitazama kwenye kioo upande huu na upande ule, akasema, "Kumbe watu wanaficha fundi huku!" Kesho yake alileta wenzake wawili wa ofisini. Mwezi haukuisha kabla Awoi hajaanza kuitwa kwenye nyumba zenye geti kuseti nywele za maharusi.

Awoi alimpenda Maryanne, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Alipenda namna alivyomwita mpenzi. Alipenda kuulizwa maoni. Shuleni, bwenini, wasichana wa mjini walikuwa wakiziba pua akipita, wakasema sanduku lake linanuka Kalokol, na sasa wanawake waliofanana na wasichana wale walimpigia simu kumwomba nafasi.

"Mpenzi, nikwambie kitu na usinielewe vibaya," Maryanne alisema siku moja, akiwa chini ya draya. "Siku ya Ijumaa hapa hapakaliki. Nikirudi ofisini watu wananiuliza kama nimepitia sokoni."

"Wanakaa nje," Awoi alisema.

"Harufu haijui nje wala ndani."

Hakulisema kwa ubaya. Lilikuwa jambo la kweli, na Awoi alikwenda nalo nyumbani. Wiki iliyofuata alilihamishia benchi nyuma ya saluni, kando ya choo, akawaambia wanawake wa samaki kwamba huko kuna kivuli kizuri. Hawakulalamika. Baadaye akawaambia waje kabla ya saa tatu asubuhi, na kwa kuwa lori la Kalokol halikufika mapema hivyo, wengi wakakosa. Mwishowe akamfundisha Awino maneno ya kusema.

"Waambie hakuna maji," alisema.

Awino alimtazama. "Na Mama Ekiru?"

"Mama anaelewa. Nitampigia simu."

Hakumpigia. Kila siku aliahirisha, akijiambia kwamba jambo kama hilo linataka maneno ya ana kwa ana.

Mwezi wa Agosti Ekiru alipata mchumba na harusi ikapangwa, harusi ya kanisani kule Kalokol. Mama Ekiru aliamua kufanya safari moja ya mwisho ya Kakuma kabla ya siku yenyewe, na njiani apitie kwa Awoi asukwe, maana mama wa bwana harusi hawezi kuingia kanisani akificha nywele kwa kitambaa. Alituma ujumbe kwa mtu kwamba atafika Ijumaa. Ujumbe ulifika. Lakini Ijumaa hiyo hiyo mpwa wa Maryanne alikuwa anaolewa, na Maryanne alikuwa amechukua saluni yote: bibi harusi, wasimamizi, mama mkwe, mpiga picha, wote mle ndani, soda zikipita kutoka mkono hadi mkono.

Kabla ya saa sita Awoi alisikia kicheko anachokijua kikija kutoka upande wa stendi. Alikuwa ameshika kichwa cha bibi harusi. Hakugeuka.

"Ejok, Awino," ilisema sauti ya Mama Ekiru mlangoni. "Leo mmejaa! Tuko wanne tu, tutasubiri."

"Hakuna maji leo, mama," Awino alisema, akiangalia chini.

Kutoka pale mlangoni mtu aliweza kuona kila kitu: mapipa mawili yaliyojaa hadi juu, msichana aliyeinamia beseni na povu likimtiririka shingoni, sakafu iliyolowa.

"Hakuna maji," Mama Ekiru alirudia, taratibu, kama anayejifunza lugha. Kisha akaita, si kwa hasira, "Awoi! Awoi, mwanangu, uko humo?"

Kitana kilisimama mkononi. Kwenye kioo Awoi aliona wasimamizi wakitazamana, mmoja akijifunika pua kwa kiganja kana kwamba anajikuna. Maryanne aligeuza kichwa.

"Nani huyo anakuita mwanangu? Unamjua?"

Hapo palikuwa na nafasi. Awoi aliikumbuka baadaye kwa muda mrefu, jinsi ilivyokuwa pana, jinsi ambavyo neno moja lingetosha, na Maryanne pengine angesimama kumsalimia yule mama kwa mikono miwili, maana hakuwa mtu mbaya. Lakini Awoi alimwona yule msichana aliyejifunika pua.

"Ni wateja wa zamani tu," alisema. "Wauza samaki. Huwa wanaita kila mtu hivyo."

Alilisema kwa sauti ya kawaida, na chumba kilikuwa kidogo. Mama Ekiru alisikia. Alisimama pale kwa kadiri ya pumzi mbili, mkono juu ya mwimo wa mlango, halafu akawageukia wenzake.

"Kweli, maji yameisha," aliwaambia kwa Kiturkana. "Twendeni, lori litatuacha."

Bibi harusi alipendeza sana. Mpiga picha alimpiga Awoi picha pamoja naye, na Maryanne akamkumbatia.

Wiki moja baadaye Awoi alikwenda Kalokol kwenye harusi ya Ekiru. Alinunua zawadi kubwa, seti ya masufuria, akaipakia kwenye gari la kukodi. Njiani alipanga maneno, akayapangua, akayapanga tena. Alifikiri Mama atanuna, atamgombeza mbele ya watu, naye atalia, na mambo yataisha hivyo. Alikuwa tayari kwa kugombezwa.

Hakugombezwa. Mama Ekiru alimpokea mlangoni kwa mikono yote miwili, akashukuru kwa zawadi, akamuuliza habari za safari. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mtindo ambao Awoi hakuwahi kuuona, mistari iliyojizungusha kama kikapu na kufungwa juu kwa fundo dogo, kazi safi ya mikono iliyotulia. Awoi alitaka kuingia jikoni, ambako shangazi na binamu walikuwa wakimenya na kukoroga na kupiga kelele, akavua viatu kabisa. Mama Ekiru alimshika kiwiko kwa upole.

"Hapana, huko kuna moshi, utachafuka," alisema. "Wageni wanakaa huku."

Akamkalisha kwenye viti vya plastiki chini ya hema, kati ya mwakilishi wa chifu na mwalimu mkuu wa shule. Akaletewa sahani iliyofunikwa, na kijiko, na maji ya chupa. Watoto wa nyumba ile, aliowabeba mgongoni, walitumwa wamnawishe mikono, wakapiga magoti. Alikula chakula chote. Ulipofika wakati wa kuita familia kupigwa picha, mshereheshaji alitaja majina kutoka kichwani, la Awoi akaliruka, na hakuna aliyemkumbusha.

"Nani alikusuka, Mama?" Awoi aliuliza wakati wa kuaga, maana hakupata maneno mengine.

"Mama mmoja Mkongo, kule Kakuma, kambini," Mama Ekiru alisema. "Sylviane. Ana mikono mizuri. Ukipita huko mtembelee."

Mwaka uliofuata mwanamke mmoja aitwaye Jerotich alifungua saluni yake kwenye jengo jipya la ghorofa. Alitoka Eldoret na mtaji wa kweli: viyoyozi, viti vya kulalia unapooshwa, kahawa, msichana wa kupaka rangi kucha huku mwenzake akikusuka. Lodwar joto lake linajulikana. Mtu akiingia kwa Jerotich saa nane mchana alihisi amehamia nchi nyingine.

Maryanne alikuja mwenyewe kuaga, hakumtoroka. "Mpenzi, si wewe, ni hili joto," alisema. "Lakini nitakuwa napita." Alipita mara moja, kukata nywele za mtoto. Wenzake hawakupita kabisa. Awoi alipunguza bei. Jirani yake naye akapunguza. Alibandika picha mpya mlangoni. Awino alivumilia hadi Krismasi, kisha akaenda kwa Jerotich, akilia, na Awoi akamwambia aende tu.

Sasa saluni yake ilikuwa kama zile nyingine zote. Aliketi kibarazani akiwaita wapita njia kwa sauti isiyozoea kuita.

Alilirudisha benchi mbele. Alifunga turubai, akateleka sufuria, akakamua ndimu mpaka vidole vikachubuka. Ijumaa lori la Kalokol lilipoingia, alisimama mlangoni ili aonekane. Wanawake walishuka na magunia yao, wakamwona. Walimpungia mkono vizuri tu, kama mtu anavyompungia askari wa zamu, kisha wakaketi juani juu ya magunia wakasubiri gari la Kakuma. Mmoja, binti mdogo asiyejua yaliyopita, aliinuka kuja, na mwenzake akamvuta kanga. "Tutasukwa Kakuma," alimwambia. "Huko tunakaa ndani."

Awoi alisikia kila neno. Maji yalichemka kwenye sufuria mpaka yakakauka.

Alipofunga saluni na kuuza draya, hakuwa na mpango. Alipanda gari la Kakuma kwa sababu ndilo lililokuwa linaondoka. Kambini aliuliza kwa Sylviane, na kila aliyemuuliza alijua, akaelekezwa nyuma ya soko la samaki, kwenye nyumba ndefu ya udongo yenye paa la mabati na mapazia ya kitenge. Ndani mlikuwa na wanawake wengi wa kila namna, Wasomali nyuma ya pazia lao, Wasudani, Wakongo, Waturkana wa mjini, na kwenye viti vizuri kabisa, wale wa Kalokol, magunia yao yakiwa yamepangwa ukutani ndani ya nyumba hiyo hiyo. Palikuwa na harufu ya samaki. Palikuwa pia na harufu ya udi, na ya kahawa, na ya jasho, na hakuna aliyejali.

Sylviane alikuwa mnene, mwenye miwani, na alisikiliza maombi ya Awoi bila kuacha kusuka.

"Weye ni ule wa Lodwar," alisema. "Ule wa hakuna maji."

Awoi hakukana.

"Bon. Miye sina shida na samaki. Mama yangu alikuwaka anauzisha ndagala kule Uvira, nimekomea, nimekulia ndani ya ile harufu." Alikata uzi kwa meno. "Ya kusuka niko nayo watu. Ya kuosha sina. Utaweza kuosha?"

"Nitaweza."

Akapewa beseni na aproni. Aliosha vichwa kutwa, mgongo umepinda, na wateja walimwita dada kama walivyomwita msaidizi mwingine yeyote.

Mama Ekiru aliingia wiki ya pili. Alisimama kidogo alipomwona, kisha akaja akaketi, akainamisha kichwa juu ya beseni. Awoi alimmwagia maji. Chini ya vidole aliona mvi ambazo hazikuwapo, nyingi, kuanzia paji hadi utosini, na nyuma ya sikio kovu la zamani ambalo alikuwa akilishika utotoni akibebwa. Aliosha polepole kuliko kawaida. Mwanamke aliyefuata kwenye foleni alikohoa.

"Mama," Awoi alisema, kwa sauti ya chini. "Nisamehe."

Mama Ekiru hakuinua kichwa. Maji yalikuwa yakimpita machoni, ameyafumba.

"Nilishakusamehe," alisema. "Zamani. Siku ile ile, kabla hatujafika Kakuma."

"Basi rudi uwe mama yangu."

"Nimekusamehe, Awoi. Lakini nimezoea kukaa bila wewe. Nilijifunza kwa shida sana, na mimi ni mtu mzima, siwezi kujifunza tena kinyume."

Alijikausha mwenyewe kwa taulo, akainuka, akarekebisha shanga zake shingoni.

"Asante, dada," alisema, kwa sababu watu walikuwa wanasikiliza, au kwa sababu ndivyo alivyotaka kusema. Akaenda kuketi kwenye kiti cha Sylviane, na baada ya muda mfupi Awoi akamsikia akicheka, kile kicheko chake cha siku zote, kwa jambo ambalo Sylviane alimwambia na ambalo Awoi hakulisikia.

Mwanamke aliyefuata aliketi mbele ya beseni. Alikuwa Mdinka mrefu, mwenye haraka.

"Maji yasiwe moto sana," alisema.

Awoi alijaribu maji kwa kiwiko, akaongeza ya baridi, akaanza kuosha.